Meseji ya Mama Ignatio

Vipande vya katoni vilikuwa ishirini. Mwalimu Eunice alikuwa amevikata kwa wembe kutoka kwenye boksi la sabuni, akaandika neno moja moja kwa kalamu nene, na sasa alikuwa akiviweka juu ya gunia kimoja baada ya kingine huku mtambo wa kumenya kahawa ukinguruma nyuma yake. Ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi, mwezi wa saba, na baridi ya milima ya Umatengo ilikuwa bado imeng'ang'ania miguuni. Mbele yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Avelina wa darasa la pili, miaka tisa, vidole vikinata utomvu wa kahawa mbivu.

Alimwonyesha kipande kilichoandikwa "maji". Avelina akakitazama, kisha akamtazama mwalimu usoni, labda jibu lilikuwa huko. Akaonyeshwa "jembe", akanyamaza. Akaonyeshwa "mama". Hapo akaweka kidole juu ya herufi ya pili akasema hii ni a, na ya mwisho nayo ni a. Neno lenyewe hakulijua.

Eunice akaandika kwenye daftari lake: Avelina, hajaweza. Alikuwa wa mwisho. Akajumlisha. Watoto sitini na mmoja, wanaojua kusoma ishirini na watatu. Waliobaki thelathini na wanane hawajui, na wala si kwamba wanasoma polepole. Hawajui kabisa.

Mtu akiuliza mwalimu alikuwa akitafuta nini kwenye mtambo wa kahawa siku ya shule, jibu ni jepesi: alikuwa akitafuta darasa lake. Kahawa ikishaiva kijijini Kihuluku, madawati yanabaki na watoto wachache wenye kikohozi na wale ambao wazazi wao hawana shamba. Wengine wote wako mashambani kuchuma, au wako hapa mtamboni kuchambua kahawa mbichi itoke kwenye mbivu, maana vidole vidogo vina kasi. Usiwaseme wazazi vibaya. Mavuno ni mara moja kwa mwaka, na daftari na sare vinatoka humo humo.

Ila swali la kweli ni kwa nini alikuwa akiwapima mara ya pili, na hapo ndipo ilipo habari yote.

Agizo lilikuwa limetoka juu kwamba darasa la pili lote lipimwe kusoma kwa kishikwambi. Hakuna tena karatasi, hakuna tena mwalimu kujaza anavyotaka. Mtoto anaonyeshwa habari fupi kwenye kioo, anasoma dakika moja, mwalimu anabonyeza, mfumo unahesabu wenyewe. Shule ambayo zaidi ya nusu ya watoto wake hawajui kusoma italetewa mwalimu wa kujitolea na vitabu kwa ajili ya darasa la rekebisho. Na kila mzazi atapata meseji kwenye simu yake kumwambia mtoto wake amefikia wapi. Eunice alilipenda agizo hilo. Alikuwa ametoka pwani ya ziwa, Liuli, akakaa miaka sita nyumbani na cheti chake akisubiri ajira, na tangu apangiwe Kihuluku miezi kumi iliyopita hii ilikuwa mara ya kwanza kuona serikali inauliza kitu anachokijua yeye kuliko mtu mwingine.

Jumatatu na Jumanne aliwapima wote, kabla uchumaji wa kahawa haujapamba moto. Waliitwa mmoja mmoja, wengine wakisubiri nje chini ya dirisha lisilo na kioo. Habari ilikuwa moja kwa wote: Bibi ana kuku wawili, kuku wametaga mayai, mvua imenyesha, bibi ameingiza mayai ndani. Walisoma vizuri ajabu. Eunice alifurahi, tena alifurahi sana, akajiona mwalimu kweli kweli. Alipofika Avelina, ambaye alikuwa karibu na mwisho wa mstari, mtoto akashika kishikwambi kwa mikono miwili na kuanza: bibi ana kuku wawili. Katikati kioo kikazima, maana kishikwambi chenyewe kilikuwa kikibana chaji. Kikawa cheusi tii. Avelina akaendelea kusoma. Mvua imenyesha, bibi ameingiza mayai ndani. Tena akakohoa pale pale alipokohoa Hilda aliyemtangulia.

Walikuwa wameikariri. Kila aliyekaa chini ya dirisha alikuwa ameisikia habari ya bibi na kuku wake mara ishirini, mara thelathini, na watoto wa Kihuluku hawajambo kwa kusikia. Kishikwambi kilikuwa kimeshahesabu: wanaoweza hamsini na watano, wasioweza sita. Eunice aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Akamwambia mwalimu mkuu. Mwalimu Hyasinti alikuwa mtu mwema na mwoga, amebakiza miaka miwili astaafu, akakuna kichwa akasema sawa, rudia, mimi nitashika waliobaki darasani, wewe wafuate waliko. Hakuandika popote. Ndiyo maana Jumatano, Alhamisi na leo Eunice alikuwa hapa mtamboni na vipande vya katoni. Kishikwambi nacho alikuja nacho, akijaribu kuingiza matokeo mapya, lakini kila jina alilobonyeza kilimjibu vile vile: mwanafunzi huyu ameshapimwa.

Mama yake Avelina alikuwa pale pale akikoroga kahawa kwenye sinki la maji. Jina lake Tadea, ila kijiji kizima kinamwita Mama Ignatio kwa jina la mwanawe wa kwanza. Eunice alimfuata akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamweleza bila kuzunguka kwamba Avelina hajui kusoma. Alimwambia pia kwamba kuanzia Jumatatu atafungua darasa la asubuhi, saa moja mpaka saa mbili na nusu, hata kama huyo mwalimu wa kujitolea hajafika, na kwamba mtoto akilikosa darasa hilo Januari ataingia la tatu, na la tatu hakuna mtu anayefundisha a na be.

Mama Ignatio alisikiliza huku anakoroga. Yeye mwenyewe hakupita shule. Ignatio wake alisoma mpaka darasa la saba, na kila mwaka kitabu cha maendeleo kilirudi nyumbani na alama ya vema. Mwaka jana alikwenda Ngaka kutafuta kazi kwenye makaa ya mawe. Pale getini wakampa karatasi ya masharti ya usalama, wakamwambia soma kwa sauti. Alirudi nyumbani siku ile ile, na sasa anazibua mitaro ya watu.

"Mwalimu, mimi nimeshadanganywa mara moja," alisema. "Ignatio waliniambia anajua. Wewe unaniambia huyu hajui, na juzi mwalimu mkuu kanikuta njiani kaniambia kasoma kama redio. Nimwamini nani? Nasubiri hiyo meseji ya serikali. Ikisema hajui, namtoa kwenye kahawa, nitachambua mwenyewe. Ikisema anajua, basi anisaidie mavuno mpaka yaishe."

Eunice alimwambia meseji itakuja leo jioni, na itasema kweli. Aliahidi hivyo, kwa mdomo wake.

Alipofika shuleni alikuta pikipiki ya afisa elimu kata imeegeshwa mlangoni pa ofisi. Afisa Hamphrey hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa sauti, koti la mvua limejaa vumbi jekundu, na alikuwa amezunguka shule nne tangu alfajiri. Alimsalimia Eunice vizuri, akamuulizia wazazi huko ziwani, akaomba kishikwambi. Mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi na mbili jioni, na Kihuluku ndiyo shule pekee ya kata ambayo haijatuma.

Eunice alimweleza yote: dirisha, bibi na kuku, kioo kilichozima. Akafungua daftari akamwonyesha majina thelathini na wanane. Akamwomba afute yale ya kwanza, maana afisa peke yake ndiye mwenye neno la siri la kufuta.

"Kwa hiyo mashine imekosea?" Hamphrey aliuliza.

"Haijakosea, afisa. Imeuliza, imejibiwa. Ila waliojibu walikuwa wamekariri."

"Mwalimu, mfumo hauna kitufe cha kukariri. Kuna anaweza, hajaweza, na hakuwepo. Na wewe ulibonyeza anaweza mara hamsini na tano, kwa kidole chako."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Eunice zaidi. Kisha akaeleza na yake. Akifuta darasa zima, juu wataona kwamba limefutwa, watauliza kwa nini, na yeye ndiye atakayesimamishwa mbele ya kikao cha maafisa wote wa kata kueleza. Mwaka jana alisimamishwa. Kata yake ilikuwa ya mwisho, wakamwacha amesimama saa nzima huku wenzake wamekaa wanakunywa soda. Na wakikubali hayo mapya, shule iliyokuwa na asilimia tisini itakuwa na chini ya arobaini ndani ya wiki moja. Nani ataamini? Watasema kata hii inachezea takwimu.

"Watasema pia tuna watoto wasiojua kusoma," Eunice alisema. "Na watatuletea mwalimu."

Hamphrey akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Alisema kati ya shule zote zilizoahidiwa mwalimu wa kujitolea muhula uliopita, hajaiona hata moja iliyompata. Hata kiti cha kumkalisha hakijaja. Halafu akageuza kishikwambi akafungua ukurasa ambao Eunice hakuwahi kuuona. Ilikuwa ramani. Shule ilikuwa na alama ya nyumba, na mbali kidogo, penye mtambo, kulikuwa na nukta nyekundu tatu.

"Jumatano, jana, na leo. Saa mbili mpaka saa sita. Kishikwambi kinajua kilipo, mwalimu. Hizi nukta bado hazijatoka humu ndani, zitakwenda pamoja na matokeo. Mtu wa juu akiziona ataona mwalimu aliyekuwa kwenye mtambo wa kahawa saa za kazi, siku tatu, na bado hajathibitishwa kazini. Mimi naweza kuandika kwamba kilikwenda kuchajiwa huko. Naweza pia nisiandike."

Eunice akamgeukia mwalimu mkuu. Alisubiri aseme kwamba ndiye aliyemruhusu. Hyasinti alikuwa anaangalia viatu vyake. Baadaye akasema kwa sauti ya chini kwamba ruhusa ilikuwa ya mdomo tu, na ya mdomo huwa haina ushahidi, mwalimu atamsamehe. Basi, ikawa imekwisha. Mzee wa watu alikuwa anatetemeka kama yeye ndiye aliyeshtakiwa, na Eunice hata kumchukia alishindwa.

Kihuluku meseji zinaingia popote, lakini intaneti inapatikana juu ya jiwe moja kubwa lililo nyuma ya kanisa. Saa kumi na moja wakapanda wote watatu. Kutoka pale unaona mashamba yamechongwa mashimo mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia udongo usisombwe na mvua, mpaka bondeni, mahindi yamekauka yanasubiri kuvunjwa, na watu wadogo wadogo wenye magunia kichwani wakielekea mtamboni. Eunice alijua baadhi yao ni wanafunzi wake. Alijua hata wa nani ni yupi kwa kutembea tu.

Sheria ya mfumo ni kwamba mwalimu wa darasa ndiye anayetuma, kwa namba yake ya ajira. Hamphrey hakuweza kumbonyezea. Alimpa kishikwambi akasogea pembeni akawasha sigara, na Hyasinti akajifanya anaangalia bonde. Waliacha aamue peke yake, na hiyo ilikuwa adabu ya ajabu.

Alifikiria baba yake kule Liuli, aliyewaambia majirani wote kwamba binti ameajiriwa. Alifikiria miaka sita ya kukausha dagaa huku wenzake waliosoma naye wakimpita njiani wakimuuliza bado tu. Barua moja ya utoro kazini ingetosha. Akatafuta mahali pa kuandika maoni, hata mstari mmoja, hata maneno matatu: watoto walikuwa wamekariri. Hapakuwa na mahali. Akashuka mpaka mwisho wa ukurasa, akapanda tena mpaka juu. Majina yalikuwa yamejipanga na alama zake za kijani, na Avelina alikuwa na yake.

Akabonyeza.

Kishikwambi kilizungusha duara muda mrefu, kikaandika: Asante mwalimu, taarifa zako zimepokelewa. Hamphrey akampa mkono, akamwambia amefanya jambo la busara na kwamba atamkumbuka wakati wa kuthibitishwa. Alimaanisha, maskini. Pikipiki yake ikashuka mlima ikielekea Mbuji, na mwalimu mkuu akaenda kwake bila kuaga.

Eunice alirudi kwa njia ndefu ili asipite mtamboni. Alikuwa akilia waziwazi, kwa hasira, na hakujisumbua kujifuta. Alilia kwa sababu alipima kwa uaminifu siku tano na mwisho wake akatia sahihi kwenye uongo, na hakuna aliyemshikia kisu. Lakini njia ndefu nayo inapita nyuma ya nyumba ya Mama Ignatio, na Mama Ignatio alikuwa amesimama kwenye uzio na simu mkononi, ile ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Alisema imeingia wakati anatoka mtamboni. Zimeingia kila nyumba. Alimpa Avelina asome, Avelina akasema hajui, na Ignatio yuko mitaroni, na hata angekuwepo asingeweza kuisoma. Kwa jirani kuna mtu anasoma, ila jirani naye anawachukua watoto wa watu kuchuma kwake, na Mama Ignatio hataki kumpa la kusema.

"Nisomee wewe, mwalimu. Neno kwa neno, usipunguze."

Eunice akaipokea. Kioo kilikuwa na ufa, maandishi yalisomeka. Mzazi, mwanao AVELINA wa darasa la pili amepimwa na ANAWEZA kusoma. Hongera.

Avelina alikuwa amesogea karibu, ananukia kahawa iliyochacha. Akachungulia, akaweka kidole kinachonata juu ya kioo.

"Hii a," alisema. "Na hii a. Ni kubwa ila ni a."

"Ndiyo," Eunice alisema. "Ni a."

Kisha akasafisha koo na kusoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari kama anavyowafundisha watoto.

"Mzazi, mwanao Avelina wa darasa la pili amepimwa. Bado hajaweza kusoma. Aje shuleni kila siku saa moja asubuhi, kuanzia Jumatatu, asikose."

Mama Ignatio aliuliza kama hakuna neno hongera humo, maana ya Mama Hilda ilisomwa pale mtamboni ikawa na hongera mwishoni, watu wakapiga makofi.

"Hii haina."

"Imeandikwa hivyo hivyo?"

"Imeandikwa hivyo."

Mama Ignatio akaichukua simu yake, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Hakuonekana kusikitika. Alionekana kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza hajadanganywa. Akamwambia Avelina akaoshe mikono vizuri na aitafute ile sare, na kwamba Jumatatu kahawa ataichambua mama mwenyewe. Kisha akamshukuru mwalimu, akamwambia serikali ya sasa angalau inasema ukweli.

Eunice aliitikia kwamba haya, mama, tutaonana Jumatatu, akaendelea na njia. Giza lilikuwa linaanza kuingia na baridi ilikuwa imerudi. Nyumba ya pili palikuwa na mtu anacheka na kusoma kwa sauti, hongera, hongera, na mtoto anapongezwa. Ng'ambo ya kijito simu nyingine ikalia. Walikuwa bado watoto thelathini na mmoja wasiojua kusoma ambao meseji zao zilisema hongera, na nyumba zao karibu zote zilikuwa na mtu anayejua kusoma.